Breki Zilizougua kwa Tiba: Kisa cha Ford ya 1934

Gari lenyewe ni Ford ya 1934 ya umbo la kupe, yaani la milango miwili, iliyojengwa upya kama striti rodi: bodi ya zamani juu, mambo ya kisasa chini. Sasponshi ya mbele ni ya mtindo wa Mustang II, modeli za 1974 hadi 1978, ambayo wajenzi wa magari haya wanaipenda kwa kuwa haichukui nafasi kubwa na inakaa vizuri kwenye fremu nyembamba. Mbele kuna breki za diski. Nyuma kuna ekseli ya Ford ya inchi 9 yenye breki za dramu. Injini ni V8 ya Chevrolet, ya inchi za ujazo 350. Masta silinda, yaani silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa, ina vyumba viwili, haina busta ya kuusaidia mguu, na imefungwa chini ya sakafu, ubavuni mwa fremu upande wa dereva. Msomaji aliweke akilini hilo la chini ya sakafu, maana kila kitu kitakachofuata kinaanzia hapo.

Lalamiko lilikuwa moja. Mwenye gari alisema: "Fundi, nikishatembea kilomita kama ishirini gari linakuwa zito. Nikisimama nikagusa rimu za mbele, mkono haukai." Pedali nayo ilipanda na kuwa ngumu, haina hata nafasi ya kubonyea. Akiliacha lipoe, breki zinaachia na gari linatembea kama kawaida, halafu mambo yanaanza upya.

Ukisikia hivyo tu, haraka unashuku kalipa, vile vibano vya breki pedi kwenye diski, kwamba zimeshika kutu. Lakini kalipa zilikuwa mpya. Nikamwomba anieleze gari limepitia mikono gani tangu lilipokamilika, na hapo ndipo kisa kilipojitokeza. Mwanzoni lilikuwa na ugonjwa tofauti kabisa, tena wa kinyume: asubuhi, ukikanyaga mara ya kwanza pedali inazama karibu na sakafu, ya pili inashika katikati, ya tatu iko juu na imara. Fundi wa kwanza alitoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, akatoa tena, hali ikawa ile ile. Akaondoa masta silinda ya inchi 1 akaweka ya inchi 1⅛. Pedali ikapanda kidogo. Baadaye fundi mwingine akarefusha fimbo inayosukuma pistoni ya masta silinda, na tatizo la asubuhi likaisha kabisa. Baada ya muda si mrefu breki zikaanza kubana.

Kwa maoni yangu, malalamiko haya yote yalianzia kwenye kosa moja tu la asili. Hayo mengine yaliongezwa na watu waliotafuta ugonjwa wa paipu kwenye pedali.

Mchoro ambao haukuwahi kuwepo

Ford ya 1934 ilipotoka kiwandani haikuwa na hata tone la mafuta ya breki. Ford walishikilia breki za fimbo na nyaya hadi modeli za 1938. Za haidroli zikaja 1939. Kwa hiyo anayepitisha paipu za breki kwenye fremu ya 1934 hana njia ya kiwandani ya kufuata, wala klipu za kiwandani, wala kitabu cha kuonyesha ti, kile kiungo cha njia tatu, ikae wapi. Anaamua mwenyewe. Vifaa anavyonunua vimetoka kwenye magari ya miaka na ukubwa tofauti, na kila kimoja kilitengenezwa kikijua jirani yake atakuwa nani. Hapa majirani wote wamebadilika.

Badiliko kubwa kuliko yote ni kimo. Kwenye gari la kawaida masta silinda inakaa juu, ukutani nyuma ya injini, na mafuta yana njia ya kushuka kwenda magurudumuni. Uzito wake wenyewe unayaweka yalipo. Kwenye gari hili usawa wa mafuta ndani ya kopo la masta silinda ulikuwa chini ya sehemu ya juu ya kalipa kwa sentimita kama 12. Gari likisimama usiku kucha, mafuta yanarudi taratibu kwenye kopo na pistoni za kalipa zinarudi nyuma kidogo sana. Asubuhi mguu unatumia mkanyago mzima wa kwanza kurejesha kilichopotea, ndipo mkanyago wa pili ufunge breki.

Dawa yake inajulikana siku nyingi: valvu ndogo ya kubakiza presha, inayofungwa kwenye paipu karibu na masta silinda. Mafuta yanapita kwa urahisi kwenda kwenye magurudumu, lakini yanaporudi valvu inafunga ikibakisha presha kidogo nyuma yake. Kwa diski inatumika ya psi 2 (paundi 2 kwa inchi ya mraba), kwa dramu ya psi 10. Namba hizi zina sababu. Psi 2 ni bar 0.14, presha inayoweza kuhimili nguzo ya mafuta ya mita moja na zaidi, sembuse sentimita 12. Kwenye kalipa yenye pistoni ya milimita 63.5, presha hiyo inaleta msukumo wa kilo nne na nusu hivi, na raba ya mraba inayozunguka pistoni inauhimili. Weka psi 10 kwenye kalipa hiyo hiyo na msukumo unafika kilo 22. Diski haina springi ya kuirudisha breki pedi, kwa hiyo pedi itakaa imeegemea diski safari nzima. Dramu ni habari nyingine: springi za kuvuta breki shuu ni kali, na psi 10 inahitajika ili midomo ya raba ndani ya silinda za magurudumu ibaki imebana ukuta, isivute hewa pedali inaporudi kwa kasi.

Kwa hiyo, hata kabla ya kuinua gari, nilikuwa na maswali mawili. Valvu ya mbele ipo? Na kama ipo, kwa nini haikufanya kazi yake?

Kuitafuta presha ilikojificha

Kwanza nilishughulikia lililokuwa hatari zaidi, yaani kubana. Niliendesha gari hadi breki zikashika, nikalipandisha kwenye stendi moto ukiwa bado upo, nikajaribu kuzungusha gurudumu la mbele kwa mikono. Halikukubali. Swali la kujiuliza hapo ni presha imenaswa wapi, na jibu linapatikana kwa kufungua kitu kimoja kimoja kuanzia pedali kwenda gurudumuni, bila kuruka.

Kitu cha kwanza si nati yoyote ya paipu. Ni bolti mbili zinazoishikilia masta silinda. Nilizilegeza, na masta silinda ikasogea yenyewe kwa milimita mbili hivi, kwa sababu fimbo ilikuwa ikiisukuma muda wote. Gurudumu likaachia papo hapo. Nikazunguka upande wa pili: nalo huru.

Hapo tayari jibu. Ndani ya masta silinda, mbele kidogo ya mdomo wa raba ya pistoni, kuna tundu dogo sana linaloelekea kwenye kopo. Pedali ikiwa imeachiwa, tundu hilo lazima liwe wazi, ili mafuta yakipata moto na kupanuka yapate pa kwenda. Fimbo ikiwa ndefu kupita kiasi, raba inasimama juu ya tundu na kuliziba. Mafuta yakipanuka hayana njia, presha inapanda, pedi zinabana, msuguano unaongeza joto, na joto linaongeza presha. Ndiyo maana gari lilianza safari likiwa zuri na kuharibika kadiri linavyotembea.

Kuna njia nyingine ya kulithibitisha hilo bila kulegeza chochote. Fungua kifuniko cha kopo, mtu mwingine aguse pedali taratibu sana, na wewe utazame ndani. Masta silinda iliyo huru inarusha mkondo mwembamba wa mafuta juu kabla raba haijafunika tundu. Hapa mafuta yalitulia tuli. Chukua tahadhari kwa macho, na kwa rangi ya bodi pia, maana mafuta ya breki ya kawaida yanakula rangi.

Kama gurudumu lisingeachia pale, ningelegeza nati ya paipu kwenye masta silinda, kisha upande wa pili wa valvu, kisha nipeli ya kalipa, ile ya kutolea upepo. Pale linapoachia ndipo unapojua kizuizi kiko nyuma ya hapo. Hosi ya zamani iliyovimba kwa ndani, kwa mfano, inaachia ukifungua nipeli tu na si kabla.

Nilifupisha fimbo hadi ikawa na uwazi wa milimita 1.5 kabla ya kugusa pistoni. Uwiano wa pedali niliupima: sentimita 33 kutoka mhimili hadi katikati ya pedali, sentimita 5.5 kutoka mhimili hadi fimbo, yaani 6 kwa 1, ambao ndio unaofaa breki zisizo na busta. Kwa hiyo milimita 1.5 pale chini ni milimita 9 za mguu kutembea bila kitu. Mwenye gari alilazimika kuzoea mchezo huo mdogo juu ya pedali, na nilimweleza kwamba huo ni uhai wa breki zake, asimruhusu mtu kuuondoa.

Nilimwambia na jambo la pili mapema: breki hazitabana tena, lakini kesho asubuhi pedali itazama. Fimbo ndefu iliponya tatizo la asubuhi kwa kuziba tundu ambalo mafuta yalikuwa yakirudia. Tukilifungua, yatarudi. Ikawa hivyo. Safari ya jioni rimu zilibaki na uvuguvugu wa kawaida, na asubuhi mkanyago wa kwanza ukaenda chini kabisa. Yeye alisikitika. Mimi nilifurahi, kwa sababu sasa ugonjwa wa kwanza ulikuwa umesimama peke yake, bila kufunikwa.

Mshale chini ya rangi

Valvu zilikuwepo, zote mbili, kwenye ubavu wa ndani wa fremu. Aliyejenga gari alijua zinahitajika. Lakini alizifunga kabla ya fremu kupigwa rangi, na fremu ilipopigwa nyeusi nazo zikawa nyeusi, hadi maandishi yakafunikwa.

Kabla ya kukwangua rangi nilitaka breki zenyewe ziseme. Nilikanyaga pedali kwa nguvu, nikaiachia, nikasubiri kidogo, nikafungua nipeli ya silinda ya gurudumu la nyuma. Mafuta yaliruka kwa nguvu ndogo, yakakoma. Sawa, presha ilibaki. Nikafunga, nikafanya hivyo hivyo mbele huku nikiwa nimevesha nipeli mrija wa plastiki wenye mafuta ndani. Hakuna kilichotoka. Mafuta ndani ya mrija yalianza kurudi nyuma, yakielekea kwenye kalipa. Nikafunga haraka kabla hayajavuta hewa. Mfumo wenye afya haunyonyi namna hiyo.

Kitambaa na tina kidogo, ile ya kuyeyushia rangi, vikatoa rangi. Valvu ya mbele ilikuwa ya psi 2 kama inavyotakiwa, na mshale wake ulielekea kwenye masta silinda. Imefungwa kinyume. Ikiwa hivyo, mguu unalazimika kuishinda springi yake kwenda, jambo ambalo dereva hawezi kulihisi, na mafuta yanarudi bila kizuizi chochote. Breki zinafunga, gari linasimama, na kila anayekagua anaona valvu ipo mahali pake. Ni kosa gumu kuligundua kwa macho, na simlaumu sana aliyelikosa. Ninacholaumu ni kubadilisha masta silinda bila kufanya jaribio hilo la nipeli, ambalo halihitaji kifaa chochote zaidi ya spana na mrija.

Maana lile badiliko la masta silinda lilikuwa na gharama iliyofichika. Chukua mguu unaosukuma kwa nyutoni 400. Uwiano wa 6 unaufanya msukumo wa nyutoni 2,400 kwenye pistoni. Kwa masta silinda ya inchi 1, yenye eneo la sentimita za mraba 5.07, unapata bar 47. Kwa ile ya inchi 1⅛, yenye 6.41, unapata bar 37. Masta silinda kubwa inasukuma mafuta mengi zaidi kwa kila milimita ya mwendo, kwa hiyo pedali haiendi chini sana na dereva anadhani breki zimepona, ilhali amepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya presha kwa mguu ule ule. Kwenye gari lisilo na busta hilo ni pigo kubwa. Tulirudisha ya inchi 1. Kabla ya kuifunga niliingiza waya mwembamba kwenye tundu za kutokea mafuta, kwa sababu baadhi ya masta silinda za zamani za dramu zimefichwa valvu ya kubakiza presha ndani, nyuma ya kiti cha shaba. Ukiziunganisha na diski bila kujua, unarudi kwenye kubana. Hii ilikuwa safi.

Paipu zenyewe

Ningeweza kugeuza valvu na kuishia hapo. Lakini ukishalala chini ya gari na taa unaona mengine, na niliyoyaona yalinifanya nimshauri mwenye gari tung'oe paipu zote. Alikubali.

Zilikuwa za shaba tupu. Shaba ni laini, inapindika vizuri, inapendeza macho, na ndiyo maana watu wanashawishika nayo. Ubaya wake ni kwamba inakakamaa kwa mtikisiko hadi kupasuka, na breki si mahali pa kusubiri ipasuke. Niliweka za mchanganyiko wa shaba na nikeli, inchi 3/16, ambazo nazo zinapindika kwa mkono lakini zinahimili presha na haziliwi na kutu. Za chuma cha kawaida pia ni sahihi kabisa. Za chuma kisichoshika kutu ni nzuri ila ni ngumu kupanua mdomo wake, na zinahitaji fitingi za aina yake.

Hapo kwenye midomo ndipo nilipokuta jambo lililonitisha kuliko valvu. Karibu zote zilipanuliwa kwa pembe ya nyuzi 45, zikakunjwa mara mbili, sawasawa. Lakini paipu ya kwenda nyuma iliingia kwenye fitingi ya nyuzi 37 ikiwa na mdomo wa nyuzi 45. Pembe hizo mbili hazikutani. Zinagusana kwa mstari mwembamba tu. Aliyezifunga alikuta inavuja, akazungushia utepe wa mabomba ya maji kwenye uzi, akakaza zaidi. Utepe hauzuii chochote hapo, kwa sababu kinachoziba ni mdomo kukaa kwenye kiti chake, uzi kazi yake ni kukandamiza tu. Nilipoifungua, mdomo ulikuwa umechanika kwa ufa mdogo unaoonekana ukiutazama kwa taa. Ufa huo ulikuwa umbali wa mkanyago mmoja wa dharura. Mfumo mmoja, pembe moja: hilo mimi silijadili.

Njia ya paipu niliichora upya nikianzia masta silinda. Valvu zote mbili zikakaa karibu nayo, ya mbele ikiwa kabla ya ti inayogawa kushoto na kulia, mishale ikionekana kutoka chini bila kuondoa kitu. Paipu ya zamani ilipita sentimita tatu kutoka kwenye ekzosi. Mpya inavuka upande wa pili wa fremu. Nyuma, pale fremu inapopanda juu ya ekseli, paipu ilikuwa na nundu, na hewa inapenda kukaa kwenye nundu. Niliipandisha kwa mteremko mmoja hadi kwenye hosi. Klipu nilizipanga kila sentimita 30 hadi 40, na paipu haigusi chuma kilicho wazi popote. Hosi za mbele nilizikagua usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande, na tena magurudumu yakiwa yananing'inia. Moja ilikuwa fupi na ilivutika; ikabadilishwa.

Kutoa upepo kwenye gari la namna hii kuna kitu kimoja cha pekee. Masta silinda ya chini ya sakafu inatazama nyuma, na striti rodi nyingi zimeinamia mbele. Maana yake ncha ya masta silinda iko juu kuliko mwanzo wake, na hewa inajikusanya kwenye ncha, mahali ambapo hata ukikanyaga mchana kutwa haitoki. Niliitoa upepo mezani kwanza, nikaifunga, kisha nikainua mbele ya gari kwa jeki hadi masta silinda ikalala sawa. Baada ya hapo kazi ikaenda kwa mpangilio wa kawaida, gurudumu la mbali kwanza. Mafuta ni ya daraja la DOT 4, yanayochemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya na 155 yakishanyonya unyevu. DOT 5 ya silikoni haili rangi na wapenda magari ya maonyesho wanaitumia, lakini haichanganyiki na hizi nyingine hata kidogo, na kwa gari linaloendeshwa kweli mimi nachagua DOT 4 na kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Pedali ya asubuhi sasa inashika mkanyago wa kwanza. Kwa presha kamili kurudi, lilijitokeza jambo ambalo masta silinda kubwa ilikuwa imelificha: ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yalijifunga kabla ya ya mbele, na gari fupi lenye uzito mwingi mbele linageuka kwa urahisi likifanya hivyo. Niliongeza valvu ya kupunguza presha ya nyuma, yenye kitufe cha kuzungusha. Tulilijaribu kwenye uwanja mtupu, mkavu, kwa mwendo mdogo kwanza. Tulianza presha ya nyuma ikiwa chini kabisa, tukaongeza robo mzunguko kila mara hadi ya nyuma yakakaribia kujifunga, kisha tukarudi nyuma kidogo ili ya mbele yatangulie daima. Kitufe nilikifunga kwa nati yake ya kukazia. Viungo vyote nilivifuta kwa karatasi nyeupe baada ya jaribio hilo, na tena baada ya mwenye gari kulitumia kwa wiki kadhaa, na karatasi ilitoka kavu.